Kwetu ni Namba Sifuri

Jumatano, 2 Aprili

Meseji zote sita zimeingia kabla sijamaliza chai. Ya mama ndiyo ya kwanza, kama kawaida yake. Anapima mvua saa tatu, anatuma, halafu ndipo anakunywa uji. Hata mawaziri hawana nidhamu ile.

Hadija, tunayekaa naye meza moja, amenitania tena kwamba mama ndiye mtumishi pekee wa mradi huu anayewahi kazini. Ni kweli. Vijiji sita vya milimani, kila kimoja kina kopo lake la kupimia mvua juu ya nguzo na mtu wa kulisoma. Kwetu Lukwele msomaji ni mama. Wanatuma namba kwenye simu ya ofisi hapa mjini, programu yangu ya kompyuta, niliyoiandika kwa lugha ya Java, inazipokea na kurudisha neno moja kwa kila kijiji: SALAMA, TAHADHARI au ONDOKENI. Neno linaingia kwenye simu za kijiji kizima. Namba hairudi. Bwana Mkude, bosi wetu, anasema namba zinawachanganya watu.

Ndani ya programu nina safu mbili. Moja ya majina ya vijiji, nyingine ya mvua. Jina la kwanza na mvua ya kwanza ni vya kijiji kimoja, jina la pili na mvua ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Java huanza kuhesabu na sifuri, na sifuri nimeweka Lukwele. Hakuna aliyeniagiza. Uluguru ukiulizwa wewe ni wa nani unaanza na upande wa mama, basi na mimi nikaanza hivyo hivyo. Mwisho kabisa ni Mgombani, kwa sababu ndio waliochelewa kupewa kopo.

Bwana Mkude anataka ripoti ya kila siku ionyeshe na mvua ya katikati. Siyo wastani, ya katikati. Kwa nini, hajui. Kaisikia kwenye semina.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeiandika methodi ya bosi, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja. Unaipa safu ya mvua, inazipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, inachukua ya katikati, inakurudishia. Mistari michache tu. Nimeiweka juu, kabla ya sehemu inayotuma meseji, ili ripoti iwahi.

Nikaijaribu kwa 10, 20, 30, 40, 50, 60. Kila kijiji kikapata neno lake. Hadija akasema nimejipa mtihani wa chekechea. Nikamwambia achore ramani zake aniache.

Mvua haijakata tangu jana.

Ijumaa, 4 Aprili

Mgombani wamepata TAHADHARI. Ya kwanza msimu huu. Lukwele SALAMA.

Nilifurahi. Hapa ninajiandikia mwenyewe, sina wa kumficha. Nilifurahi kwamba ni wao, siyo sisi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeendesha programu kutoka nyumbani, Kihonda. Mgombani TAHADHARI tena. Lukwele SALAMA. Jedwali linasema Lukwele milimita nne.

Nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, halafu sauti yake ikamezwa na mvua juu ya bati. Anasema imenyesha usiku kucha. Nikamwambia kopo lake linasema nne. Akauliza kopo gani. Simu ikakatika.

Mvua ya usiku kucha haiwezi kuwa nne. Kwa hiyo haoni vizuri. Vile vistari vya kopo ni vidogo, miwani hana, na akiambiwa habari ya miwani anakuwa mkali. Nimekasirika. Mtu mmoja akisoma vibaya mradi mzima unaharibika, na mtu huyo ni mama yangu, na kazi nilimtafutia mimi.

Jumapili, 6 Aprili

Misa ya kwanza. Watu wamelowa, kanisa zima linanuka makoti. Kutoka nje siuoni mlima, ni wingu tu limekaa pale.

Lukwele SALAMA. Sita. Mgombani ONDOKENI.

Nina hofu tangu asubuhi na sijui inatoka wapi. Nimefua nguo ambazo hazitakauka. Nimepika, sikula.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu. Ofisi imefungwa, mvua haina sikukuu. Lukwele tena SALAMA.

Mchana nikampata mama, mtandao safi kwa mara ya kwanza. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba nadhani hasomi kopo sawasawa.

Akajibu: "Agripina, macho yangu yamekulea wewe mpaka chuo kikuu. Leo hayajui kusoma?"

Nikamwomba msamaha nusu nusu. Nikamwambia basi kuanzia kesho apime mara mbili, saa tatu na tena saa sita, tulinganishe. Akasema atapima, ili niridhike. Alikuwa amekasirika kweli, mama akikasirika anaongea polepole.

Nikamuuliza kama majirani wana wasiwasi. Akasema wapo waliotaka kuteremka kwa ndugu zao tangu jana, lakini yeye amewaambia watulie. Simu imesema salama, na simu hiyo ni ya mwanawe.

Nilijibu sawa mama. Hiyo imani yake inanitisha kuliko mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika haraka, nasubiri gari.

Mara baada ya meseji za asubuhi kutoka, msomaji wa Mgombani akapiga. Mzee Pius, mpole siku zote. Leo alifoka. Kila siku wanabeba watoto na vyungu kwenda shuleni, na kwao ni manyunyu tu. Kesho hatoki mtu, hata simu iseme nini. Bwana Mkude akamjibu kwamba heri kuogopa bure. Mimi nikafungua jedwali nimwonyeshe mzee anavyokosea.

3, 9, 17, 28, 45, 112.

Kutoka juu kwenda chini, zinapanda kama ngazi. Nikafungua la jana. Linapanda. Juzi, linapanda. Kila siku tangu Ijumaa kijiji cha kwanza ndicho kikavu na cha mwisho ndicho kinachozama. Mvua hainyeshi kwa kufuata orodha yangu.

Nikafungua programu, nikaisoma kuanzia juu.

Ile methodi. Niliipa safu ya mvua nikidhani naipa nakala. Namba moja ukiipeleka kwenye methodi inakwenda nakala, huko ikibadilishwa ya kwako inabaki. Safu siyo hivyo. Ukiipeleka safu, methodi inapata njia ya kufika kwenye safu ile ile. Ni sawa na kumpa mtu funguo za nyumba yako aangalie tu, yeye akahamisha vitanda. Methodi ilizipanga mvua, na zilizopangwa ni zile zile zangu. Majina hayakuguswa. Lukwele ikabaki juu, namba sifuri, pale nilipoiweka kwa mapenzi, na kila asubuhi mvua ndogo kuliko zote ikateremshwa juu ya jina lake.

Na jaribio langu? 10, 20, 30. Zilikuwa zimeshapangwa. Hadija aliliona kosa kwa utani, mimi nikamwambia achore ramani.

Nikaenda kwenye simu ya ofisi yenyewe, kwenye meseji kama zilivyotumwa. Programu inachukua namba tu, maneno mengine inatupa. Mimi ndiye niliyeiambia itupe. Hizi ndizo za mama:

lukwele 64 usiku jiwe limeshuka karibu na choo

lukwele 71 maji ya kisima yamekuwa mekundu

lukwele 88 migomba ya juu imelala

Ya leo: lukwele 112 mwanangu mvua ni kubwa

Tumemjibu SALAMA.

Nilipiga. Haipatikani. Nikapiga kwa mwenyekiti wa kijiji. Haipatikani. Hadija akatuma ONDOKENI kwa mkono kwa kila namba ya Lukwele, hakuna hata moja iliyoonyesha imefika. Mnara wa kule umezima. Bwana Mkude amekaa kwenye kiti chake anasema tusitangaze lolote, tuseme ni tatizo la mtandao. Nilichukua koti.

Gari limekuja.

Jumanne, jioni. Mlali

Tumeishia hapa. Mbele maji yamepita juu ya daraja, dereva amekataa na ana haki. Nimemlilia mtu wa bodaboda, naye amekataa. Shangazi yake Hadija anakaa karibu na stendi, amenipa chumba na chai ya tangawizi. Anaitwa Mama Zuhura. Hakuniuliza mengi.

Wanaume wametoka njia ya juu kwa miguu, matope mpaka kiunoni. Wanasema Lukwele mlima umeteremka mchana. Nyumba ngapi, hawajui. Nani, hawajui. Mmoja alianza kusema kitu, akaniangalia, akanyamaza. Kwa nini alinyamaza?

Naogopa. Naandika neno hilo ili litoke lakini halitoki. Naogopa kumkuta. Naogopa kutomkuta. Naogopa kwamba ataonekana na simu mkononi, na kwenye simu kuna neno langu.

Nyumba yake iko chini kabisa ya mteremko. Ardhi ya bibi yake, ya ukoo, haihamiki. Angekuwa ndani. Mvua kama ile mtu anakuwa ndani, hasa aliyeambiwa kuna usalama.

Mama Zuhura anasali chumba cha pili. Nasikia jina langu na la mama kwenye dua yake. Ametuombea sote wawili kama watu aliowajua zamani.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Tulivuka jana asubuhi kwa kamba, mimi na wale wanaume. Kupanda ilinichukua karibu siku nzima, njia haipo, tulipita mashambani kwa watu. Kila tuliyekutana naye akiteremka nilimtazama usoni kabla ya kumsalimia. Wengine nawajua tangu utoto. Walinipa pole. Pole ya nini hawakusema, na mimi sikuuliza kwa sababu nilitaka kuendelea kutojua.

Nyumba yetu haipo. Si kwamba imebomoka. Haipo. Pale pana udongo mwekundu na jiko la jirani limelala upande. Nilikaa chini kwenye matope. Sikulia, nilisikia tu meno yangu yanagongana, nikawa najiuliza nani anagonga.

Mwanamke mmoja akanishika bega akasema mama yako yuko shuleni. Nikamuuliza amelazwa? Akasema amekaa.

Alikuwa barazani. Khanga ya watu imemzunguka, miguu peku. Mapajani kashika kopo la mvua. Nguzo yake imebaki, iko juu kwenye uwanja wa kanisa, yeye ndiye aliyeling'oa akalibeba.

Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, umekonda.

Halafu akanieleza, polepole, bado ana hasira ya Jumatatu. Saa tatu alipima, akatuma, akarudi ndani kama simu ilivyomwambia. Saa sita hakutaka kutoka, mvua ilikuwa inapiga. Lakini aliahidi. Akavaa mfuko wa mbolea kichwani akapanda uwanjani kupima mara ya pili, kwa sababu binti yake wa chuo kikuu anaona mama hajui kusoma. Alipokuwa ameinamia kopo akasikia kitu kama lori linamwaga mawe. Akageuka. Akaona bati lake linakwenda.

Majirani wawili wamevunjika miguu. Mbuzi wote wamekwenda. Watu wengi walikuwa sokoni kijiji cha pili, ilikuwa siku ya gulio. Hakuna tuliyemzika. Naandika tena: hakuna tuliyemzika. Nimeuliza kila mtu mpaka wamenichoka.

Nilimtuma mvuani kwa kumdharau, na dharau hiyo ndiyo iliyomtoa ndani. Sijui niifanye nini habari hii. Sistahili kuifurahia na siwezi kuacha.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia. Sikusema mtandao, sikusema kompyuta. Nilisema mimi. Nikamchorea kwa punje za mahindi kwenye sakafu ya darasa, mstari wa vijiji na mstari wa mvua, nikausogeza mmoja na kuuacha mwingine. Aliangalia punje muda mrefu.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

"Kwa hiyo macho yangu mazima," akasema.

Nikasema mazima, mama.

Akazoa punje zote, akazirudisha kwenye kopo. Halafu akasema niwaambie na wenzake. Nikadhani kesho. Akasema wapo hapa hapa, simama.

Nikasimama mbele ya darasa la pili lililojaa magodoro na watu waliolala kwenye madawati, nikawaambia kwamba meseji ya SALAMA ilikuwa ya uongo, nimeiandika mimi, na kopo lao halikukosea siku hata moja. Mzee mmoja alitema mate. Mwanamke aliyenishika bega alitazama pembeni. Mwenyekiti alisema wamesikia.

Jumatatu, 14 Aprili

Mjini. Bwana Mkude hanisemeshi, maana nilimwandikia barua ya maelezo na nakala nikaipeleka kwa mkuu wa mradi. Kama watanifukuza watafukuza. Kwanza nimalize.

Methodi ya katikati sasa inaanza kwa kutengeneza nakala yake yenyewe, inapanga hiyo, ya kwangu haigusi. Mstari mmoja. Nimeutazama mstari huo mpaka macho yakauma. Mstari mmoja tu!

Lakini hiyo haitoshi. Kosa kubwa lilianza mapema, siku nilipoliweka jina huku na mvua kule, nikategemea namba ya mahali viwe pamoja. Vitu vya mtu mmoja havitenganishwi hivyo. Nimefuta safu zote mbili. Sasa kuna darasa moja la Java, yaani kielelezo cha kitu kimoja na sehemu zake zote, nimeliita Kituo. Ndani yake jina la kijiji, mvua yake, jina la msomaji, simu, na maneno aliyoandika msomaji, yote, hata ya choo na kisima. Unabaki na safu moja tu, ya vituo. Ipange utakavyo, kwa mvua, kwa herufi, kinyumenyume. Kila kituo kinahama na vitu vyake vyote, kama watu wanavyohama kweli.

Nimeijaribu kwa namba mbaya mbaya. Kubwa mwanzo, ndogo katikati, zinazofanana, sifuri. Hadija ndiye aliyenitungia, nilimwomba. Alitunga kwa ukatili kabisa. Zote zimepita, na bado kabla ya kubonyeza kutuma nalinganisha jedwali na meseji, moja moja.

Meseji sasa inarudi na namba na jina la kijiji. Nani kachanganyikiwa na namba? Mama anajua zaidi ya sisi sote kopo limesema nini. Ilitakiwa arudishiwe aseme hapana, hiyo siyo yangu.

Mzee Pius nimempigia kumwomba radhi. Akasema watoto wa Mgombani wamezoea kulala shuleni, sasa wanalia kurudi nyumbani. Akacheka. Mimi sikuweza.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka. Nimepanda jana kwa miguu, njia ya gari bado.

Mama yuko kwa mjomba, kaka yake, nyumba ya uwanjani karibu na kanisa. Nguzo ya kopo iko mbele ya mlango. Mjomba amempa kitanda, yeye anataka ardhi yake. Hatujabishana. Asubuhi alitoka na khanga kichwani, akainama, akasoma, akatuma, akarudi kwenye uji. Nilimletea miwani kutoka mjini. Ameiweka kabatini bila kuifungua.

Mnara umewashwa tena, na leo programu anaiendesha Hadija; meseji ikaingia tukiwa jikoni. Alinionyesha kama mtu anayempa mtoto daftari lake likiwa limesahihishwa.

Lukwele. Milimita 3. Msomaji: Mama Agripina. SALAMA.

Namba ni yake. Alitikisa kichwa kuikubali.

Halafu akaichomeka simu kwenye pindo la khanga, akatoka nje, akasimama uwanjani akiuangalia mlima. Taratibu, kutoka kwenye msitu wa juu mpaka pale kwenye udongo mwekundu. Akarudia.

Niliumia kidogo, kwamba neno langu peke yake halimtoshi tena. Halafu nikatoka, nikasimama karibu naye, nikaangalia na mimi.